Nilimchongea Mke Wangu kwa Sababu Alipenda Kazi Yake

Mimi ndiye niliyeandika ile barua. Naanza na hilo kwa sababu nikianzia mahali pengine nitajitetea, na sina utetezi.

Hakuwa yule mama wa kibanda cha pili, kando ya cha mke wangu, ambaye watu wa Nchiru wanamshuku mpaka leo. Hakuwa mwanafunzi. Ni mimi, mume wake wa ndoa ya kanisani, mtu anayesimama mbele Jumapili kusoma somo watu wakimwitikia amina.

Jina langu sitataja. Mke wangu nitamwita Karimi, ambalo si jina lake. Binti yetu nitamwita Kendi. Wewe unayesoma, nivumilie. Nimekaa na uchafu huu tumboni muda mrefu na leo nautoa.

Nafanya kazi katika ofisi moja ya serikali hapa Meru mjini. Natunza mafaili. Mwaka huu natimiza miaka kumi na sita. Nina kiti, nina meza, nina muhuri, na nina dirisha lenye vyuma ambalo watu hupanga foleni nje yake.

Kazi hiyo niliichukia tangu mwaka wa pili. Si ngumu, ni rahisi mno. Niliichukia kwa sababu jioni nikifika nyumbani sikuwa na kitu hata kimoja nilichofanya ambacho ningeweza kumsimulia mtu.

Basi nikaanza kuwatesa watu. Anakuja mzee ametoka Igembe huko, ameshika kofia mkononi, anaulizia faili lake. Faili naliona. Liko kwenye rafu nyuma yangu, hatua tatu tu. Namwambia, "Rudi kesho."

Sikuwa nataka kitu kutoka kwake, hata chai. Nilitaka tu kuona ule uso ukianguka. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yangu ya siku. Nikishaiona, nakaa vizuri kwa kiti nasoma gazeti.

Karimi naye alikuwa na kibanda Nchiru, karibu na hosteli za wanafunzi. Mabati pande tatu, mabenchi manne, na majiko mawili ya kuni nyuma. Alikuwa anapika chapati, madondo, ndengu, githeri, na chai ya maziwa. Alitoka nyumbani kabla jua halijatoka na kurudi saa kumi na mbili jioni. Miguu imevimba, mikono ina alama za mafuta ya moto, na anacheka.

Hicho kicheko ndicho kilichoniua.

Alikuwa akiingia anaanza kusimulia hata kabla ya kuvua viatu. "Baba Kendi, yule kijana wa Busia amepita ile hesabu iliyokuwa inamsumbua. Amekuja kunionyesha karatasi, mimi ambaye hata sijui inasema nini." Au, "Leo kuna msichana amelia kwa benchi mpaka nikafunga jiko moja nikae naye. Ameachwa. Nimempa chapati mbili, ameenda akicheka."

Mimi nilikuwa kwa kiti na rimoti mkononi. Nilikuwa nasema "Mmm." 

Nilikuwa najiuliza, huyu anacheka nini? Mimi ndiye niliyesoma. Mimi ndiye mwenye kazi ya kudumu. Yeye anakaa kwa moshi siku nzima akipakulia watoto wa watu maharagwe, halafu anarudi kwangu kama mtu aliyetoka harusini.

Siku iliyoniharibu kabisa ni siku ya mahafali. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na ruhusa, na Karimi aliniomba nimpeleke kuni kwa kibanda kwa sababu wateja wangekuwa wengi. Nikaenda shingo upande.

Nikiwa nashusha kuni, akaja msichana amevaa joho, na wazazi wake nyuma. Walikuwa Waislamu kutoka mji wa Maua, baba mtu ana malori ya kubeba mizigo. Msichana akamkumbatia Karimi, na ile aproni yake yenye mafuta, na joho likapata unga. Hakujali.

"Baba, huyu ndiye Mathe, mama yetu wa hapa," akasema. "Nilipoumwa mwaka wa pili, huyu ndiye aliyekuwa ananiletea uji mpaka chumbani."

Yule mzee akamshika Karimi mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Mama, sisi tulikuwa tunalala usingizi kule Maua kwa sababu yako. Mungu akulipe, maana mimi siwezi."

Karimi akafuta macho na aproni. Mimi nilisimama hapo na vumbi la kuni shingoni.

Mzee akanigeukia kwa heshima. "Na wewe ndugu yangu, mnafanya kazi pamoja hapa?"

"Hapana," nikasema haraka. "Mimi ni mume wake. Niko ofisini, huko mjini."

"Ofisi gani?"

Nikamtajia. Aliniangalia usoni tena, polepole, na nikaona amenitambua.

"Aa," akasema. "Pale kwa dirisha. Mimi nilikuja pale mara nne."

Akamsalimu Karimi tena, wakaenda zao. Lakini Karimi alikuwa amesikia. Aliniangalia, akageuza chapati, hakuniuliza kitu. Ningependelea aniulize.

Ungedhani mtu mwenye akili angerudi ofisini Jumatatu akiwa amebadilika. Mimi sikubadilika. Nilirudi na chuki. Na sikumchukia yule mzee. Nilimchukia mke wangu.

Nilianza na maneno. Jioni akija kukaa karibu nami nasogea. "Unanuka vitunguu," nikamwambia. Akaenda akaoga. Kesho yake nikamwambia tena. Nikamwona anakata ndimu na kujisugua mikono, shingo, mpaka nywele. Akarudi akakaa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na sasa?"

"Bado," nikasema.

Hakuwa ananuka. Nakwambia ukweli, hakuwa ananuka kitu ila ndimu.

Wiki mbili baadaye nikaandika barua. Niliiandika ofisini, kwa ile meza ya serikali, herufi kubwa zote ili mwandiko usijulikane. Nikasema mimi ni mkazi anayejali afya ya umma. Nikasema wanafunzi sita wameharisha baada ya kula kwa kile kibanda. Nikasema mwenye kibanda anaosha vyombo na maji ya mtaro, na kwamba ameonekana akitoka chooni na kushika unga bila kunawa.

Hiyo ya choo niliiongeza mwisho. Nilikaa nikaifikiria, nikaona inafaa, nikaiweka. Nilifurahia kuiandika. Sijui kama mtu amewahi kukiri kitu kama hicho, lakini nilifurahia.

Saa ya chakula nikaitumbukiza kwenye sanduku la malalamiko la maafisa wa afya, halafu nikateremka mtaa wa Majengo nikala nyama na mukimo. Nilikula vizuri, sahani ikaisha. 

Walienda Alhamisi. Karimi alinipigia simu.

"Baba Kendi, wamekuja watu wa afya. Wanasema nimeumiza watoto."

"Watoto gani?"

"Sijui. Wamemwaga githeri yote. Wanafunzi wanaangalia. Wamebandika karatasi ya kufunga kwa bati."

"Tulia," nikamwambia. "Usibishane nao."

Wale maafisa siwalaumu. Waliletewa malalamiko mazito, wakafanya kazi yao. Walichukua maji yake kwenye chupa, wakachukua unga, wakamtuma hospitali akapimwe kinyesi. Mke wangu alibeba kinyesi chake kwenye kopo akapanga foleni, kwa sababu yangu.

Wiki hiyo ya kwanza nilikuwa mtu mwepesi. Nilikuwa napiga mluzi nikinyoa ndevu. Jioni nikifika nyumbani namkuta ameketi, hana cha kusimulia, tuko sawa sasa. Nikamwambia kwa upole, "Hata ni vizuri. Sasa utapumzika."

Akaniangalia. "Nani alikwambia nimechoka?"

Nikamwambia tena, eti namhurumia, kwamba huenda ni yule mama wa kibanda cha pili ndiye aliyemchongea, wivu wa biashara. Maneno hayo niliyasema pia kwa watu wengine wawili, na unajua maneno yanavyotembea. Yule mama hajawahi kumkosea mtu.

Baada ya wiki tatu matokeo yakatoka. Maji safi, unga safi, Karimi mzima. Alienda mwenyewe kuchukua karatasi ya kumruhusu kufungua. Alirudi mchana, nikiwa nimekuja nyumbani kula, akaiweka mezani mbele yangu.

"Unaona?" nikasema. "Mungu yuko."

Alinitazama muda mrefu mpaka nikashika kijiko kingine bila sababu.

"Ndio," akasema. "Yuko."

Akafungua kibanda Jumatatu. Alipika kama zamani, sufuria kubwa ya madondo na chapati za kujaza karai. Saa nne hakuna mtu. Saa saba hakuna mtu. Wanafunzi walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara. Mmoja akashika tumbo akijifanya anakimbia chooni, na wenzake wakacheka.

Haya niliyasikia kwa jirani yetu aliyepita hapo, si kwake. Yeye alirudi na ile sufuria ikiwa imejaa, akavuka ua, akawamwagia nguruwe wa jirani. Alisimama hapo akiwaangalia wakila mpaka wakamaliza.

Alijaribu miezi miwili. Kisha akafunga kabisa, akabeba mabenchi na majiko kwa mkokoteni, akayaweka nyuma ya nyumba chini ya turubai.

Nilikuwa nimepata nilichotaka. Mke wangu hakuwa na furaha kuliko mimi tena.

Sikujua nyumba inaweza kuwa kimya namna hiyo. Alikuwa analima kashamba ketu ka nyuma, anapika, anafua, anajibu akiulizwa. Hakununa, hakunitukana. Nilianza kuchelewa kurudi, natembea mjini bila shughuli, kwa sababu nilikuwa naogopa ule mlango. Nikagundua kwamba miaka yote hiyo, zile hadithi zake za kijana wa Busia na msichana aliyeachwa ndizo nilizokuwa naishi nazo. Sikuwa na zangu. Nilikuwa nasema "Mmm," lakini nilikuwa nasikiliza kila neno. Nilikata mwenyewe bomba nililokuwa nakunywea maji.

Kendi alipofunga shule alikaa siku nne, akanifuata nje nikiwa naosha viatu.

"Baba, mbona mama ananusa chakula kabla ya kutupakulia?"

"Ananusa vipi?"

"Anafunua sufuria, ananusa. Anafunika. Anafunua tena. Halafu anaosha mikono. Kila siku."

"Enda usome," nikamwambia. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Miaka mitatu ikapita na miezi kadhaa. Jumapili moja baada ya ibada nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwa kigoda, anasugua sufuria na majivu na steelwool. Sufuria ilikuwa inang'aa mpaka unaona mawingu ndani. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, na maji ya karai yalikuwa na wekundu.

"Mama Kendi, hiyo ni safi," nikasema.

"Uko na hakika?"

"Ndio."

"Inuse."

Nikainama nikanusa. Nilinusa majivu na bati na damu yake. Nikakaa chini kwa udongo na suti yangu ya kanisa.

"Ni mimi niliyeandika ile barua," nikasema.

Hakushtuka. Aliendelea kusugua kidogo, kisha akaiweka sufuria chini.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Tangu ile siku nilienda kuchukua karatasi. Nilimsihi yule mama afisa anionyeshe malalamiko, nijue nimekosea wapi. Akanionyesha. Nani huandika jina la Kendi kwa herufi kubwa kwenye sanduku la shule kila muhula? Herufi zako nazijua."

Nilihesabu kichwani. Alikuwa ametoka moja kwa moja huko siku ile aliponiwekea karatasi mezani, na mimi nikamwambia Mungu yuko.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza. Tazama ujinga wa swali.

Akajikausha mikono kwa leso. "Nilikuwa nafikiri labda ni kweli. Nikasema, huyu tumeishi naye miaka kumi na tisa. Aliniambia nanuka, nikaoga, akasema bado nanuka. Nikasema mume wangu hawezi kuandika kitu kama hicho kama hajaona kitu. Labda mimi ni mchafu na sijijui, na watu wa maabara hawakuona. Nimekuwa nikijichunguza mpaka leo."

Akaniangalia machoni. "Sasa niambie. Uliona kitu?"

"Hapana."

"Hata kimoja?"

"Hakuna. Hukuwa unanuka. Yote nilitunga."

"Kwa nini?"

Nikasema, "Kwa sababu ulikuwa unarudi ukicheka."

Nilidhani atalia au atanimwagia yale maji. Alisema tu, "Enda Nchiru ukawaambie."

Nilienda Jumatano, nikaomba ruhusa kazini. Nilisimama pale kibanda kilipokuwa, ambapo sasa mtu anauza kadi za simu na viazi karai. Wanafunzi wakija nawasimamisha. "Mnamkumbuka Mathe aliyekuwa anapika hapa?" Walikuwa wananiangalia kama mwenda wazimu. Wale waliomjua walikuwa wamemaliza na kuondoka. Hawa walikuwa wapya, watoto wa juzi.

Mwishowe kijana mmoja akasema, "Aa, nimewahi kuskia. Si ni ule wa kuharisha? Wazee wa hostel hutuambia hiyo story tukiingia."

"Ilikuwa uwongo," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyetunga. Mimi ni mume wake."

Wakatazamana. "Sawa, mzee," akasema, wakapita. Nikasikia mmoja akiuliza, "Huyo amelewa?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Uji aliobeba mpaka vyumbani, yule wa Busia, yule binti wa Maua, vyote vimeondoka Nchiru na waliomjua. Kilichobaki kwa jina lake pale ni sentensi yangu.

Nilimwendea pia yule mama wa kibanda cha pili. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na mwiko mkononi, akasema niondoke kabla hajanipiga nao. Ana haki.

Karimi aliondoka mwezi uliofuata. Hakutoa talaka, hakuita wazee. Alienda Kiirua kwa dada yake, akachukua mabenchi yake na majiko yake, na sasa anapikia wapakiaji wa viazi na watu wa soko. Kendi akifunga shule anaenda huko. Mimi nakwenda Jumamosi.

Ananikaribisha vizuri, ananiwekea chai. Lakini nikifika huwa namsikia kutoka mbali akicheka na wale wapakiaji, kile kicheko chenyewe cha zamani. Nikiingia anaacha. Hana hasira. Anaacha tu, kama mtu anayezima redio mgeni akiingia. Na bado ananusa sufuria kabla ya kupakua. Wateja wanadhani ni desturi yake.

Kuna jambo moja la mwisho na linanichukiza kuliko yote. Juzi alikuja mama mzee dirishani, akaulizia faili. Nilisimama, nikatembea zile hatua tatu, nikampa. Akaniambia, "Asante sana mwanangu, sasa nitawahi gari la kurudi," na uso wake ukafunguka. Nikasikia joto kifuani. Nikaelewa Karimi alikuwa anarudi nyumbani na nini.

Hatua tatu tu. Furaha hiyo ilikuwa hapo nyuma ya kiti changu miaka yote. Nilienda chooni nikajitazama kwa kioo, nikajitemea mate kwenye kioo, nikapangusa.

Basi wewe ndugu, na wewe dada, uliyenisikiliza mpaka hapa. Kama kazi yako inakuozesha, hiyo ni shida yako na kazi yako, zungumza nayo. Ukiona mtu wa nyumbani mwako anaingia jioni amechoka na bado anacheka, na wewe kicheko chake kinakukera, usimtafutie kosa. Toka nje utembee. Pasua kuni. Muulize amecheka nini, na umsikilize kwa sauti, si kimoyomoyo kama mimi. Fanya lolote utakalo, lakini usichukue kalamu.